Wati za boksini zisikuhadae unaponunua redio

MNUNUZI anayeingia katika maduka ya vifaa vya elektroniki kwenye barabara ya Luthuli jijini Nairobi hulakiwa na maboksi yenye tarakimu za kutisha: wati 3,000, wati 5,000, hata wati 10,000. Pengine kwenye rafu iyo hiyo pana amplifaya nzito, isiyo na taa za kumetameta, iliyoandikwa wati 50 pekee na inayouzwa kwa bei ya juu zaidi. Wengi huichukua ile ya wati 5,000 bila kusita, wakidhani wamepata nguvu mara 100 kwa pesa kidogo.

Ukweli hujitokeza siku ya sherehe. Sauti inapofunguliwa kupita nusu, besi huanza kukoroma, maneno ya wimbo hayatambuliki tena na hatimaye spika moja hunyamaza kabisa. Aliyeweka akiba kwa miezi kadhaa hubaki na boksi zuri na deni la fundi.

Kiini cha mkanganyiko huo ni herufi nne ambazo huchapishwa kwa maandishi madogo kando ya tarakimu hizo: PMPO. Herufi hizo hudaiwa kuonyesha nguvu ya juu kabisa ambayo chombo kinaweza kutoa kwa nukta moja fupi mno, pengine sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna kanuni moja inayokubalika ya kuipima. Kiwanda kimoja kinaweza kujumlisha spika zote, kingine kikazidisha hesabu kadri kipendavyo, na hakuna wa kukisuta.

Hesabu rahisi ya stima hufichua jambo hilo. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na fyuzi kubwa kabisa katika plagi ya kawaida ya miguu mitatu ni ya ampea 13. Ukizidisha, unapata wati 3,120. Hicho ndicho kiasi ambacho plagi hiyo imekusudiwa kupitisha kwa mfululizo, iwe imeunganishwa na pasi au na redio. Basi redio ya wati 10,000 huzitoa wapi zilizosalia?

Jibu huwa nyuma ya redio yenyewe, kwenye kibandiko kinachoonyesha stima inayotumiwa. Si ajabu kukuta kwamba chombo cha 'wati 5,000' hutumia wati 60 tu. Kibandiko hicho nacho si kipimo kamili, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huandika matumizi ya kawaida badala ya yale ya juu kabisa. Hata hivyo, pengo kati ya 60 na 5,000 haliwezi kuzibwa na maelezo yoyote, hasa ikizingatiwa kwamba sehemu ya umeme unaoingia hupotea kama joto kabla ya kufika kwenye spika.

Kipimo chenye maana ni kile kinachoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya hutoa kwa mfululizo bila kuchoka. Nacho huhitaji kuandamana na maelezo mengine: ni kwa spika ya omu ngapi, ni kwa masafa yapi ya sauti, na sauti ilikuwa imepotoka kwa asilimia ngapi ilipopimwa. Wati 50 zilizopimwa sauti ikiwa imepotoka kwa asilimia 10 si sawa na wati 50 za asilimia moja, kwani katika kiwango cha kwanza sikio tayari husikia mkwaruzo. Nchini Marekani, tume ya biashara inayofahamika kama FTC iliweka kanuni mnamo 1974 kuwalazimisha watengenezaji kufichua mambo hayo, na mwaka wa 2024 ikaifanyia marekebisho ili vipimo vyote vifanywe kwa masharti sawa.

Hata wati za kweli hazifanyi kazi jinsi wengi wanavyofikiri. Kutoka wati 50 hadi wati 100 sauti huongezeka kwa desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa uchache. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, huhitajika takriban nguvu mara 10.

Hapa ndipo spika huwa na usemi mkubwa kuliko amplifaya. Spika hupimwa kwa desibeli inazotoa zikipewa wati moja, msikilizaji akiwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 25 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 100. Desibeli hizo 86 zenyewe, zitokanazo na wati moja tu, zinatosha kuwafanya watu wawili walioketi karibu nayo kupaaza sauti ili waelewane. Kwa chumba cha kawaida cha wageni, basi, muziki wa kila siku hutumia wati chache sana. Zile nyingine ni akiba ya mdundo wa ghafla wa ngoma.

Akiba hiyo inapokosekana, amplifaya hushindwa kufikisha kilele cha wimbi la sauti na badala yake hukikata. Wimbi lililokatwa huzaa nguvu nyingi katika sauti nyembamba, na nguvu hiyo huelekea moja kwa moja kwenye ile spika ndogo ambayo mafundi huiita twita. Waya wake ni mwembamba kama unywele, hivyo huungua upesi. Ndiyo maana amplifaya dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho inaweza kuharibu spika ambayo ingestahimili amplifaya yenye nguvu zaidi.

Mnunuzi ana haki ya kuomba redio igeuzwe asome kibandiko, na kijitabu cha maelezo kifunguliwe kabla hajalipa. Aidha, ni vyema aende na wimbo anaoufahamu vizuri, wenye mwimbaji na ala chache, kisha amwombe muuzaji apunguze besi, ambayo dukani huwa imepandishwa hadi juu. Sauti iongezwe polepole huku akisikiliza maneno. Pale yanapoanza kukwaruza, ndipo wati za redio hiyo zilipoishia.