Dawa Haijafanya Kazi au Haifanyi Kazi?

Mwalimu yeyote wa sarufi aijua tofauti iliyopo baina ya "dawa haijafanya kazi" na "dawa haifanyi kazi". Kauli ya kwanza huacha mlango wazi. Ya pili huufunga. Kwetu sisi tuugao ankilosi spondilaitisi, yaani baridi yabisi ya uti wa mgongo, tofauti hiyo si ya darasani tu.

Maradhi haya aghalabu huanza kabla mtu hajatimiza miaka 45, na wengi hupatwa wangali vijana. Kinyume na maumivu ya kawaida ya mgongo, haya huzidishwa na mapumziko na hupunguzwa na mwendo. Mgonjwa huamka mgongo umekakamaa kama gogo, na huenda ikapita nusu saa au zaidi kabla haujalainika. Hatimaye pingili zaweza kushikana zikawa mfupa mmoja. (Walimu wenzangu, mwanafunzi achelewaye gwaride kila asubuhi aulizwe kwanza kabla ya kuitwa mvivu.)

Dawa za kibiolojia, mathalani adalimumabu, huzuia TNF, protini ichocheayo uvimbe mwilini. Sindano hizi ni ghali mno, na hapo ndipo subira huwa adimu: jamaa wakishachanga, nafuu hutarajiwa juma la pili. Lakini matabibu hungoja yapata wiki 12 ndipo watoe hukumu. Kabla ya hapo, kitenzi sahihi ni "haijafanya". Mimi mwenyewe juma la tisa lilinikuta ningali nikiegemea ubao kwa mkono mmoja ili niandike kwa mwingine.

Muda huo ukipita bila nafuu, yapo ya kuchunguzwa. Je, sindano zilihifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, bila kuganda, hata umeme ulipokatika? Kuna dozi zilizorukwa? Na maumivu yaliyosalia ni ya uvimbe, au ni ya mifupa iliyokwisha kuharibika, ambayo dawa ya uvimbe haina uwezo nayo? Picha ya MRI husaidia kubainisha. Kipimo cha damu cha CRP nacho hutumika, ila chaweza kuonyesha hali shwari ilhali ugonjwa umo.

Kisha ipo dawa iliyofaa, halafu ikaacha. Pengine mwili umeunda kingamwili za kuipinga, na dawa nyingine ya jamii ile ile yaweza kufaulu. Iliyokataa tangu mwanzo humfanya daktari afikirie njia tofauti, kama vile sekukinumabu, isiyopitia TNF kabisa. Kuacha dawa kimyakimya, au kumeza mitishamba kwa siri, humnyima daktari habari anayoihitaji. Zaidi ya hayo, dawa za kuzuia TNF zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala; kikohozi kisichokoma hakistahili kufichwa.

Mazoezi ya kila siku hayasitishwi kwa sababu sindano imeanza, na sigara haina nafasi. Nami nina daftari niandikamo kila asubuhi idadi ya dakika za kukakamaa. Daktari wangu huzisoma tarakimu hizo kabla hajanigusa mgongo.