Kalemie: Faili za zamani za biro zihamishwe kabla kompyuta ya zamani haijakufa

Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, pamoja na Office 2016 na Office 2019. Kwa biro za Kalemie, ziwe za serikali, za shule ao za mashirika ya misaada, huu ni wakati wa kufikiria mashine mpya. Lakini ndani ya mashine ya zamani kunaweza kubaki kitu kisichouzwa dukani: orodha ya wafanyakazi na miaka yao ya kazi, ya wanafunzi, ya dawa, ya familia zilizokimbia vita.

Orodha za namna hii mara nyingi ziliandikwa katika programu ya Microsoft Access. Faili zake za zamani zinaishia na .mdb, tangu Access 2007, faili mpya zinaishia na.accdb. Kubadilisha herufi hizo za mwisho hakutoshi. Ni lazima programu yenyewe iandike faili upya.

Ugumu unategemea umri wa faili. Ile ya Access 2000 ao 2003 inafunguka hata leo. Ile ya Access 97 haifunguki tena tangu Access 2013. Inabidi kutafuta mashine yenye Access 2003, 2007 ao 2010, kuigeuza kwanza kuwa ya 2002-2003, kisha kuivusha tena. Faili za umri huo zilianza wakati Kalemie ingali Katanga, kwa maana Tanganyika ilikuwa jimbo peke yake mwaka 2015. Kwa hiyo kompyuta ile yenye vumbi pembeni mwa biro inaweza kuwa mtumbwi pekee wa kuvukia.

Kazi yenyewe inaanza na nakala mbili. Moja ilale nyumba nyingine: mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi ndani ya mji, na maji hayachagui kati ya karatasi na kompyuta. Kisha watumiaji wote wafunge faili. Tumia laptop ambayo betri imejaa, umeme usije ukakatika katikati. Katika Access ya Kifaransa, ingia «Fichier», kisha «Enregistrer sous», na uchague aina ya .accdb. Programu inatengeneza faili mpya. Ile ya zamani inabaki.

Usiseme kazi imeisha kwa sababu faili imefunguka. Hesabu mistari ya kila orodha, kabla na baada. Jaribu kuongeza jina moja, kisha chapisha ripoti moja.

Kuna mitego mitatu. Kwanza, .accdb haihifadhi ruhusa za kila mtumiaji zilizowekwa katika .mdb, kwa hiyo aliyezuiwa kuona mishahara anaweza kuiona. Pili, faili inayoishia na .mde haigeuzwi, itafutwe.mdb iliyoizaa. Tatu, Access 2003 haisomi .accdb. Ikiwa wenzenu wa Nyunzu, Moba ao Kongolo bado wanaitumia, bakini kwenye .mdb ya 2002-2003, inayosomwa pande zote mbili, hadi wote wawe tayari.

Na kama Access ya zamani haipatikani kabisa, programu ya bure mdbtools, inayotumika kwenye Linux, inaweza kutoa majina na tarakimu zilizomo, hata katika faili ya Access 97.

Kitu ambacho hakuna programu inayoweza kutoa ni maana. Safu iliyoandikwa «C2» ao «obs» inaeleweka na yule aliyeijaza miaka hiyo yote. Aitwe akae karibu siku ya kazi hiyo, kabla hajaenda pensheni. Jina likipotea humo, mwenye jina ndiye atakayesimama mlangoni akiombwa karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya kazi. Mashine ya zamani isiuzwe mpaka mtu huyo aseme: wote wamo.