Je, Wajua? Oili ya Stelingi Huvuja Zaidi Usukani Unapokatwa

Gari lililozimwa linaweza lisidondoshe hata tone, lakini usukani ukikatwa hadi mwisho, presha ya pampu huweza kupita baa 70, na hapo ndipo uvujaji hujitokeza. Futa pampu na mipira yake hadi ikauke, tandaza boksi chini, kisha mwenzako awashe injini na kukata usukani kulia na kushoto. Asiushikilie mwisho zaidi ya sekunde chache. Mulika kwa tochi, na tafadhali usipapase: oili yenye presha hutoboa ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali.

Mara nyingi mkosaji ni mpira wa kurudishia oili kwenye kopo, uliopasuka pale pale kwenye klipu. Huo, injini ikiwa imezimwa na kupoa, utaubadilisha mwenyewe. Weka mpira uliotengenezwa kwa oili, na klipu mpya. Mpira wa presha mwachie fundi.

Ukishabadilisha mpira, jaza oili iliyoelekezwa na mtengenezaji, inua tairi za mbele, egemeza gari kwenye stendi, na ukate usukani polepole injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yaishe koponi.

Magari yenye stelingi ya umeme, kama Toyota Vitz nyingi, hayana oili hii kabisa.