Tofali la Tukuyu hupimwa kwa mvua

Dodoma, tofali bichi lililopigwa lipu vizuri linaweza kusimama miaka mingi. Tukuyu, wilayani Rungwe, hali ni tofauti. Hapa mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ukuta ukishalowa mwezi Machi hauna jua la kuukausha. Kwa hiyo anayejenga Rungwe, kabla ya kuuliza bei, aulize tofali hilo linakunywa maji kiasi gani.

Ugumu unaanzia kwenye udongo. Miaka 4,000 hivi iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu na kutandaza pumisi na majivu eneo kubwa. Udongo uliozaliwa na majivu ya milima hii ndio unaostawisha chai na migomba, lakini humsumbua mfyatuaji: ni mwepesi, hushika maji mengi, na ukikauka hunywea na kupasuka. Tabaka jeusi la juu lina mboji, halifai kabisa. Chimba chini zaidi, au shuka bondeni kwenye mfinyanzi. Loanisha udongo kidogo, usokote kamba nene kama kidole. Ikikatika papo hapo, mfinyanzi ni haba. Ikinata mikononi, mfinyanzi umezidi, ongeza mchanga.

Kufyatua ni kazi ya Juni hadi Oktoba, mvua zinapopungua. Matofali yakaushwe taratibu, yakiwa yamefunikwa kwa majani, kwa sababu yakipigwa na jua na upepo mapema hupasuka hata kabla ya kuona moto.

Tanuru la kienyeji ni matofali yenyewe yaliyopangwa, yakaachiwa midomo ya kuingizia kuni, kisha yakakandikwa udongo kwa nje. Moto uanze mdogo, utoe unyevu uliobaki, ndipo uongezwe. Mfinyanzi unahitaji nyuzi 900 hivi za Selsiasi ili chembe zake zishikane kweli. Matofali ya katikati hufika huko. Ya pembeni mara nyingi hayafiki. Na hapa wanunuzi wengi hudanganyika, maana madini ya chuma yaliyomo kwenye udongo hugeuka mekundu mapema, tofali likiwa bado bovu. Usiamini rangi. Gonganisha mawili: lililoiva hulia kama chuma, bichi hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha pima moja likiwa kavu, litumbukize majini saa 24, ulipime tena. La kilo 3 likitoka na kilo 3.6 limenyonya asilimia 20, na mimi sivuki hapo kwa ukuta wa nje. Yaliyozidi yajenge kuta za ndani.

Kuni ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye bei. Viwanda vya chai navyo hukaushia majani kwa kuni, na mikaratusi haioti kwa msimu mmoja. Pumba za mpunga kutoka Kyela, zikijazwa katikati ya matofali, hupunguza magogo.

Tofali la kufungamana, la udongo na saruji kidogo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, halichomwi kabisa, na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelinadi kwa miaka mingi. Ni tofali zuri, ila linataka udongo wenye mchanga wa kutosha. Ukilifyatua kwa udongo wa majivu wenye mboji, saruji haishiki.

Kwa bloku ya saruji, piga hesabu. Ya inchi 6, yaani sentimita 45 kwa 23 kwa 15, ina ujazo wa lita 15 na nusu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni lita 35 hivi. Fundi akijisifu kwamba mfuko mmoja umemtolea bloku 50, ametengeneza lita 775 za mchanganyiko: saruji ni sehemu moja katika 22. Bloku hiyo utaikwangua kwa msumari. Nusu ya idadi hiyo ndiyo ya kuaminika, tena imwagiliwe maji angalau siku 7.

Fedha ikiwa haba, nunua bloku nzuri au mawe kwa ajili ya msingi na kozi za chini, ambako matone ya paa hurukia ukutani. Weka tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Paa lichomoze sentimita 60 au zaidi. Na usiruke mkanda wa zege juu ya madirisha: Rungwe imekaa ndani ya Bonde la Ufa, na Desemba 2009 matetemeko ya Karonga, ng'ambo ya mpaka wa Malawi, yaliangusha nyumba nyingi za matofali zisizofungwa kwa nondo.