Mvutano Baina ya Molekuli: Ni Nini Kinachoachana Maji Yakichemka?

Mwanafunzi, tuanze na swali linalowaponza watahiniwa wengi. Maji yanapochemka, ni nini hasa kinachoachana? Wengi huandika kwamba haidrojeni hutengana na oksijeni. Hebu lipeleke jibu hilo jikoni. Lingekuwa kweli, mvuke unaotoka kwenye sufuria ungekuwa mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni, na mchanganyiko huo ukikutana na moto hulipuka. Nani angethubutu kuteleka chai?

Mvuke ni maji yale yale. Kila molekuli ya H₂O huondoka ikiwa nzima. Kinacholegea ni mvutano kati yake na jirani zake. Kwa hivyo tenganisha mambo mawili akilini mwako: bondi zilizo ndani ya molekuli, ambazo hushikanisha atomu, na nguvu zilizo baina ya molekuli. Hizi za pili ni hafifu sana. Kugeuza gramu 18 za maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji takriban kilojuli 41. Kuvunja bondi zote zilizo ndani ya molekuli hizo kungehitaji zaidi ya kilojuli 900.

Hata hivyo, uhafifu huo haulingani katika dutu zote, na hapa ndipo maswali hutoka. Chukua sulfidi ya haidrojeni, H₂S, ile gesi inayonuka kama yai viza. Masi ya molekuli yake ni 34, ya maji ni 18 tu. Ungetarajia iliyo nzito ichelewe kuchemka. Kumbe huchemka kwa nyuzi 60 chini ya sufuri, ilhali maji husubiri nyuzi 100!

Sababu ni kwamba oksijeni huvutia elektroni za bondi upande wake kwa nguvu. Yenyewe hupata chaji hasi kidogo, na haidrojeni hubaki na chaji chanya kidogo. Haidrojeni ya molekuli moja basi huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvutano huu huitwa bondi ya haidrojeni. Jina lenyewe linapotosha, tukubali: huitwa bondi, lakini mahali pake ni baina ya molekuli. Salfa haivuti elektroni kwa kiasi hicho, ndiyo maana H₂S hutawanyika mapema. Ukiandika tu kwamba "bondi za maji ni kali", hujajibu swali.

Molekuli zisizo na chaji za aina hiyo nazo huvutana, kwa kuwa elektroni hazitulii. Kwa kitambo kidogo huzidi upande mmoja. Nguvu hizi hupewa jina la Johannes van der Waals, mwanafizikia Mholanzi aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1910. Huongezeka molekuli inapokuwa kubwa: methani huchemka kwa nyuzi 162 chini ya sufuri, heksani kwa nyuzi 69.

Sasa jaribu mwenyewe. Ethanoli na dimethili etha zina fomula moja, C₂H₆O. Ya kwanza huchemka kwa nyuzi 78, ya pili kwa nyuzi 24 chini ya sufuri. Kabla ya kuandika neno lolote, chora molekuli zote mbili, kisha utazame kila haidrojeni imeshikana na atomu gani.