Ujumbe Usiotaja Uelekeo

Juma lililopita, ndani ya matatu kutoka Thika kwenda Ruiru, kijana mmoja wa shule ya sekondari aliziona karatasi za mtihani mapajani mwangu, akafunga kitabu chake cha biolojia. Aliomba radhi kwanza: shuleni kwao, alisema, swali la sayansi likiulizwa kwa Kiswahili huhesabiwa utovu wa adabu. Kisha akauliza. Kopepodi, hao jamaa wadogo wa kamba waeleao baharini, aghalabu wana urefu wa milimita moja hivi, na jicho lao hutambua mwanga tu. "Sasa, mwalimu, dume na jike hupatanaje katika bahari yote hiyo?"

Mimi ni mtu wa isimu. Hata hivyo, swali la ishara ni la kwetu pia, nami nilimjibu.

Jike aogeleapo huacha nyuma yake uzi mwembamba wa harufu. Kwa kiumbe mdogo kiasi hicho maji ni mazito mithili ya asali, hayavurugiki upesi, na uzi hudumu kitambo. Mwaka 1998 Jeannette Yen na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa Temora longicornis, kopepodi wa bahari za kaskazini, waliyemnasa kwa video. Dume aliweza kuutambua uzi wenye umri wa sekunde kama 10. Huufuata kwa kasi, kila pindo, hata mizunguko ambayo mwenye macho angeikatiza.

Lililonivutia zaidi ni kosa lake. Mara nyingine dume huushika uzi na kukimbilia kule jike alikotoka. Harufu imemwambia "amepita". Haikumwambia "ameenda wapi". Hana budi kugeuka na kuanza upya, na mtikisiko wa maji huweza kumfichua kwa wawindaji.

"Ni kama kufuata nyayo bila kujua kisigino ni kipi," kijana akasema.

Nimefundisha nadharia ya ishara kwa miaka mingi bila kupata mfano ulio wazi kama huo. Umetoka katika lugha aliyoombea radhi! Walimu wenzangu, adabu gani hiyo tunayoilinda?

Alipokuwa akishuka Ruiru aliuliza kama lazima afike Mombasa ili awaone. La. Wako kopepodi wa maji baridi pia. Nilimwambia achote maji ya kidimbwi kwa chupa safi, aiinue kwenye mwanga, atafute kitone kirukaruka chenye vifuko viwili vya mayai mkiani. Huyo ni jike.