Sanduku la Desemba 26 ni la Nani?

Mama mpendwa, Desemba 26 iliyopita uliitumiaje? Mimi nitakueleza jinsi nilivyoitumia mwaka mmoja, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku wa Krismasi hapa Musoma. Kabla sijalala, rafiki yangu wa Bunda akanitumia picha kwenye simu: mapazia, mashuka na hotipoti, vyote vimeshushwa bei. Usingizi ukaniruka. Nilipanda Hiace mpaka Bunda, nikarudi jioni na mizigo miwili ambayo sikuwa nimeipangia.

Nyumbani nilimkuta dada wa kazi akisugua masufuria ya pilau ya wageni. Alikuwa binti wa miaka 19, kwao Butiama. Akaniambia kwa upole, "Mama, ulisema leo nitakwenda nyumbani." Nilikuwa nimesahau. Mshahara wake pamoja na nauli vilikuwa vimegeuka mapazia.

Siku hii ilitoka wapi?

Watu wengi huiita Boksing Dei, na watoto hudhani ni siku ya ngumi. Sivyo. Jina hilo lilitoka Uingereza, nalo linahusu boksi, yaani sanduku la zawadi. Watumishi wa nyumbani walikuwa wakiwapikia na kuwaandalia mabwana zao siku nzima ya Krismasi. Kesho yake ilikuwa zamu yao kupewa sanduku na kwenda kuwaona ndugu zao. Wafanyakazi wengine nao walikumbukwa. Mwaka 1663 Samuel Pepys wa London aliandika katika kumbukumbu zake kwamba alitia kitu katika sanduku la vijana wa fundi wake wa viatu. Mwaka 1871 sheria ya Uingereza iliifanya kuwa siku ya mapumziko. Nasi Tanzania tunapumzika siku hiyo.

Kwa Wakristo wengi, Desemba 26 pia ni siku ya Stefano. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Kabla hajapigwa mawe, Stefano alichaguliwa pamoja na wenzake sita kwa sababu wajane fulani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa.

Leo maduka mengi ya Uingereza hujaa wanunuzi siku hiyo kwa sababu ya punguzo la bei, na mtindo huo umetufikia. Kununua kwa bei nafuu si dhambi. Mama mwenye busara hutafuta unafuu. Lakini unafuu wangu ulilipwa na binti aliyekuwa jikoni.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kwenda sokoni, tenga mshahara wa msaidizi wako na nauli yake. Fedha hiyo si yako tena.

Pili, panga naye mapema siku ya kwenda kwao, kisha ushike ahadi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na anayefanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Tatu, mfungie kitu: kilo mbili za sukari, khanga, au sabuni za mama yake. Baba na watoto washiriki. Wao ndio waliokula pilau.

Nne, kumbuka kwamba Januari inakuja na sare, madaftari na viatu vya shule. Andika mahitaji hayo kwanza, ndipo utazame mapazia.

Jioni ile nilikwenda kwa jirani kukopa, huku nikiona aibu. Asubuhi binti akaondoka kwenda Butiama, kijiji alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, aliyetufundisha kwamba binadamu wote ni ndugu. Baada ya siku tano alirudi na mfuko wa udaga kichwani.

"Mama amesema nikuletee," alisema. "Anakushukuru kwa kunitunza."

Nilipika ugali wa udaga ule nikiwa kimya. Mapazia bado yananing'inia sebuleni, na kila Desemba yananikumbusha sanduku ni la nani.